"Hitilafu ya Umeme": Neno Linalouficha Moto

Msomaji wa magazeti yetu ya Kiswahili hana haja ya kukumbushwa sentensi ifuatayo, kwa kuwa ameisoma mara nyingi mno: "Moto huo unaaminika kuwa ulisababishwa na hitilafu ya umeme." Aghalabu sentensi hiyo huja mwishoni mwa habari, baada ya idadi ya nyumba zilizoteketea kutajwa, na baada ya mkuu wa polisi wa eneo kusema kwamba uchunguzi umeanza. Jina la mtaa hubadilika tu. Leo ni Kibera, kesho Kawangware, mtondo ni kwingineko. Sentensi yenyewe haibadiliki.

Mimi ni mwalimu wa isimu wala si mhandisi, na kazi yangu ni kuyachunguza maneno. Nadai kwamba maneno haya matatu, "hitilafu ya umeme", ni miongoni mwa maneno yaliyotutia hasara kubwa katika lugha ya habari nchini Kenya. Nadai hivyo kwa sababu ya maana yake na kwa sababu ya sarufi yake.

Tuanze na maana. Hitilafu ni neno la asili ya Kiarabu, na kiini chake ni tofauti au kutokubaliana. Watu wawili huhitilafiana. Kitu chenye hitilafu ni kitu ambacho hakiko sawa kama kilivyotarajiwa kuwa. Kwa hivyo anayesema kwamba nyumba iliungua kwa hitilafu ya umeme amesema tu kwamba kulikuwa na jambo lisilokuwa sawa katika umeme. Hilo twalijua tayari, maana nyumba imeungua! Na sarufi yake je? Moto "ulisababishwa na" hitilafu, nyumba "ziliteketea". Hakuna mtenda katika sentensi hiyo. Hitilafu imewekwa mahali pa mtenda, ilhali hitilafu haina mikono wala haina anwani, na haiwezi kuitwa mahakamani. Hapo uchunguzi hufungwa kabla ya kufunguliwa.

Lipo neno jingine ambalo lingetufaa zaidi, nalo ni kuhami. Kuhami ni kulinda, kukinga. Waarabu humwita wakili muhami, yaani mtetezi. Katika vitabu vya sayansi vya shule za msingi vya Tanzania, kitu kinachoruhusu umeme kupita huitwa kipitishi, na kile kinachouzuia huitwa kihami. Shaba ni kipitishi. Mpira, kauri, kioo, mbao kavu na lile ganda la plastiki linalouzunguka waya ni vihami. Waingereza wamelichukua neno lao la dhana hiyo kutoka Kilatini, kutokana na neno lenye maana ya kisiwa, kana kwamba waya umetengwa peke yake baharini. Neno letu naliona kuwa bora, kwa kuwa linasema kazi yenyewe: ganda lile ni mlinzi.

Basi kinachoitwa hitilafu ya umeme, mara nyingi, ni kushindwa kwa uhami. Mlinzi ameanguka. Na mlinzi huyu haanguki bila sababu.

Jambo moja la kifizikia linastahili kufahamika na kila mwalimu na kila mwanafunzi. Umeme unaoingia nyumbani mwetu una nguvu ya volti 240. Hewa kavu huhitaji volti zipatazo 30,000 ili cheche iruke umbali wa sentimita moja tu. Maana yake ni kwamba umeme wa nyumbani hauwezi kuruka kutoka waya mmoja hadi mwingine kupitia hewa safi, hata kama nyaya hizo zimeachana kwa milimita moja. Ili shoti ipige, ni lazima kwanza kuwe na kitu kilichozikutanisha nyaya hizo au kilichojenga daraja kati yake: ganda lililoyeyuka, ganda lililochanika, maji, masizi, au kiungo kilicholegea. Shoti huchukua kufumba na kufumbua, lakini matayarisho yake huchukua miezi, pengine miaka. Kila shoti ina historia, na historia hiyo ndiyo isiyoandikwa.

Hebu tuiandike, japo kwa uchache, tukiwa Kibera na Kawangware.

Mitaa hii miwili haifanani kwa asili. Kibera ilipewa jina na Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, ambao katika lugha yao waliita mahali pale msitu. Leo vijiji vyake, Makina, Lindi, Laini Saba, Gatwekera, Silanga na vinginevyo, vimebanana kandokando ya reli. Kawangware iko magharibi mwa jiji, upande wa Dagoretti, ikipakana na Lavington ya matajiri, na baadhi ya nyumba zake ni za ghorofa ilhali nyingine ni vyumba vya mabati vilivyopangwa safu safu katika ploti moja. Lakini kuhusu nyaya, mitaa hii ni ndugu. Mwenye macho akitembea katika sehemu zake za mabati ataona kamba za waya zikivuka njia juu ya vichwa vya watu, zimefungwa kwenye vigogo, zikiingia chumbani kupitia tundu lililotobolewa kwa msumari.

Mwuaji wa kwanza wa uhami ni joto. Plastiki ya kawaida ya waya hutengenezwa ivumilie joto la digrii 70 hivi za Selsiasi. Waya mwembamba wa unene wa nusu milimita ya mraba, ule wa kuning'inizia taa, umekadiriwa kubeba ampea 3. Jiko la koili la wati 1,500 huvuta zaidi ya ampea 6. Mwanafunzi wa kidato cha nne anajua, au angepaswa kujua, kwamba joto katika waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukizidi maradufu, joto huzidi mara nne. Basi jiko moja tu la koili linautia waya huo mara nne ya joto ulioundiwa kulivumilia, na hapo sijataja pasi ya jirani wala hita ya kuchemshia maji katika chumba cha tatu, vyote vikinywa kutoka waya huo huo saa moja ya jioni.

Plastiki haiungui papo hapo. Kwanza hulainika, kisha hupoa, kisha hulainika tena kesho yake, hadi ile dawa inayoifanya iwe nyumbufu inapotoweka na ganda kubaki gumu kama ganda la muhogo mkavu. Wahandisi wana kanuni ya makadirio inayotajwa kwa jina la Montsinger, Mmarekani aliyeichapisha mwaka 1930 akichunguza transfoma: kila joto linapopanda kwa digrii zipatazo 8 juu ya kiasi kilichokusudiwa, umri wa kihami hupungua kwa nusu. Wengine husema digrii 10. Kwa vyovyote vile, waya uliotarajiwa kudumu miongo kadhaa unaweza kuzeeka kwa muda mfupi sana, na kuzeeka kwake hakuonekani na mpita njia.

Mwuaji wa pili ni bati. Ukingo wa bati ni kisu. Waya ukipitishwa juu yake bila bomba wala kipande cha mpira, upepo huuchezesha mchana na usiku, na bati hukwangua ganda polepole hadi shaba inapoguswa. Hapo ukuta mzima hupata umeme. Msiba wake huja masika, wakati ardhi imelowa na mtoto ametoka kuoga, akauegemea ukuta. Hatuhitaji mkondo mkubwa ili kufa: ampea moja kugawanywa kwa ishirini yatosha kuusimamisha moyo. Ndiyo sababu wahandisi hutumia kikatizi kinachokata umeme mara tu sehemu thelathini za elfu za ampea moja, yaani milliampea 30, zinapovuja. Kifaa hicho nyumba za mabati aghalabu hazina. Waya wa ardhini pia hazina.

Wa tatu ni kiungo. Fundi hulisokota ncha la waya mmoja kwenye ncha ya mwingine, pengine shaba kwa aluminiamu, akalizungushia karatasi ya nailoni. Metali hizi mbili hazipatani. Unyevu ukiingia kati yake, moja huliwa, na kiungo hulegea. Kiungo kilicholegea huzuia mkondo, nacho hupata joto. Kikiachana kidogo na kukutana tena, huzaa cheche endelevu yenye joto la maelfu ya digrii. Ajabu ni kwamba cheche ya namna hiyo yaweza kuendelea bila fyuzi kukatika, kwa kuwa mkondo wenyewe haujazidi. Na pale ambapo fyuzi ingekatika, mara nyingi imekwisha kuondolewa na mahali pake pametiwa kipande cha waya wa kawaida, ili "stima isisumbue".

Wa nne ni uchafu pamoja na maji. Moshi wa jiko la makaa, mafuta ya kukaangia na vumbi hutanda juu ya soketi. Unyevu ukiongezwa, mkondo mdogo hutambaa juu ya utando huo, ukiikausha na kuiunguza plastiki, na plastiki ikiungua hubakiza kaboni. Kaboni nayo ni kipitishi. Kwa hivyo kihami kimegeuzwa polepole kuwa njia ya kile kilichopaswa kukizuia, mithili ya mlinzi aliyehongwa.

Msomaji asidhani kwamba haya ni matatizo ya maskini peke yao. Katika miaka ya 1950 wanafizikia wa pande zote mbili za uhasama wa mataifa makubwa, akina Andrei Sakharov katika Urusi ya Kisovieti na akina Max Fowler huko Los Alamos, Marekani, waliunda mitambo inayoubana uga wa sumaku kwa nguvu ya mlipuko, ili kupata kwa muda wa sehemu ndogo mno ya sekunde mkondo wa mamilioni ya ampea. Mtambo wa gharama kubwa hivyo, ambao hutumika mara moja tu na kuangamia, una adui mmoja mkubwa aliyemo ndani yake mwenyewe: cheche kuruka mahali pasipostahili kabla ya wakati wake, nguvu yote ikapotea. Wataalamu wameandika mengi kuhusu jinsi ya kumzuia adui huyo, na ukiyasoma unakutana na mambo yale yale: ncha kali zisiwepo, mapovu ya hewa yasibaki ndani ya kihami, nyuso ziwe safi, volti isiachwe ipande kupita uwezo wa ganda. Tofauti ni kwamba pale umeme una nguvu ya kuruka wenyewe, na hapa kwetu hauna. Maabara zile zinapambana na maumbile katika mipaka yake ya mwisho. Sisi tunashindwa na mambo ambayo bomba la plastiki na skrubu iliyokazwa yangeyamaliza. Na hakuna mwanasayansi wa huko ambaye angeruhusiwa kuandika katika ripoti yake kwamba mtambo uliharibika kwa "hitilafu ya umeme". Angeulizwa: ilianzia wapi, kwa volti ngapi, ganda lilikuwa na kasoro gani?

Wala hatuna haja ya kwenda Los Alamos. Tarehe 7 Juni 2016 nchi nzima ya Kenya iliingia gizani kwa zaidi ya saa tatu. Kampuni ya KenGen ilitueleza siku hiyo hiyo sababu yake: tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma, transfoma ikajizima, mashine nyingine zikazidiwa na mzigo, na megawati zaidi ya 180 zikapotea. Tuliambiwa kwamba tumbili mwenyewe alinusurika na kuchukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Picha yake ilichapishwa. Tumbili huyo alipewa heshima ya sentensi kamili, yenye kiima, kitenzi, mahali na wakati. Nyumba za Kibera zikiteketea, hupewa maneno matatu.

Baadhi ya wasomaji watauliza: je, kosa si la wakazi wenyewe, wanaojiunganishia umeme kwa wizi? Swali hili halikwepeki. Nairobi ina neno lake kwa biashara hiyo, sambaza. Wenye kusambaza huvuta waya kutoka nguzo au transfoma ya kampuni na kuwauzia wapangaji kwa ada moja ya mwezi, bila mita. Mwanaisimu hapiti hapa bila kugeuka nyuma: moto husambaa, na umeme husambazwa, ni mzizi mmoja, ila kitenzi cha pili kimeongezewa kiambishi cha kusababisha. Asiyelipia kwa kipimo hana sababu ya kuzima jiko la koili, na asiye na kibali hana sababu ya kununua waya mnene. Hayo ni kweli.

Lakini tumeona pia kwamba hali hii hubadilika. Kampuni ya Kenya Power ilipoacha kutegemea misako peke yake, ikaingia katika mazungumzo na viongozi wa mitaa na kupunguza ada ya kuunganishwa kwa msaada wa Benki ya Dunia na washirika wake, idadi ya nyumba zilizounganishwa kihalali katika mitaa ya aina hii ilipanda kutoka 5,000 hivi mwezi Mei 2014 hadi zaidi ya 150,000 mwezi Mei 2015, kwa takwimu za benki hiyo. Ukumbuke kwamba hadi wakati huo ada ya kawaida ya kuunganishiwa umeme ilikuwa shilingi 35,000. Ni nani apangaye chumba cha mabati angeitoa? Kwa upande mwingine, msako wa kukata nyaya, usipofuatwa na waya halali, huacha nyuma jambo baya kuliko lile uliloliondoa. Nyaya hurudishwa usiku, kwa haraka, gizani, kwa vipande vilivyookotwa. Viungo huongezeka, na kila kiungo, kama tulivyoona, ni mahali ambapo uhami hushindwa. Kampuni yenyewe pia isijitoe lawamani. Transfoma iliyozidiwa na mzigo huchakaa kwa joto lile lile linalouchakaza waya wa chumbani.

Narudi kwenye lugha, kwa kuwa hapo ndipo walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wana uwezo wao. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mtoto wa Gatina au Kisumu Ndogo hufundishwa sayansi kwa Kiingereza. Anakariri neno la Kiingereza la kihami, analiandika katika mtihani, analipata sahihi. Kisha anarudi nyumbani, ambako mama yake na fundi wa sambaza wanazungumza kwa Kiswahili kuhusu stima, waya na shoti. Lile neno la darasani halina mahali pa kutua. Hawezi kusema, "Mama, uhami wa waya huu umekwisha," kwa sababu hakufundishwa kulisema kwa lugha ambayo mama atalielewa. Yanabaki maneno ya mtaani, nayo ni hodari kwa kutaja matukio lakini ni maskini kwa kutaja sababu. Stima "imepotea". Stima "imepiga shoti". Ni yenyewe ndiyo hupotea na ndiyo hupiga! Hata neno umeme lilikuwa la radi kabla ya kushushwa kwenye nguzo, na huenda ile hali ya kuukubali kama mapenzi ya mbingu haijatutoka.

Wako watakaosema kwamba maneno kihami na kipitishi ni ya vitabuni, na kwamba mtu wa Kibera hayatumii. Istilahi hazikosi kuonekana ngeni zinapokuwa hazijatumika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Msamiati upo, umekaa rafuni zaidi ya miaka thelathini. Na hata asiyelitaka neno kihami anaweza kusema ganda la waya limeungua, limechanika, limelowa. Sidai usanifu wa kamusi hapa. Nadai kwamba sababu itajwe.

Kwa wahariri wenzetu ombi ni dogo. Mwandishi anapoambiwa na polisi kwamba ni hitilafu ya umeme, aulize maswali manne: waya ulikuwa wa unene gani, ulikuwa unalisha vyumba vingapi, ulipitishwa wapi, na ni nani aliyeufunga? Halmashauri ya Udhibiti wa Kawi na Petroli hutoa leseni kwa mafundi wa umeme. Basi na iandikwe kama aliyeufunga alikuwa nayo au hakuwa nayo. Mwenye ploti anayekusanya kodi kila mwezi naye ana jina. Habari ya namna hiyo itakuwa ndefu kidogo, nayo itakuwa na mtenda.

Kwa mwalimu wa Laini Saba au wa Kawangware, somo halihitaji maabara. Atafute kwa fundi kipande kizee cha waya, kisichounganishwa popote, na kipande kipya kando yake. Avikunje mbele ya darasa. Kipya kitapinda, kizee, kama kimewahi kupata joto jingi, ganda lake litapasuka na shaba itachungulia. Awakataze wanafunzi kuugusa waya wowote wa nyumbani, kisha awaulize kwa Kiswahili ni wapi wamepata kuona ganda la namna hiyo.